Nikachukue Masta Mlimani Ili Sivii Yangu Ipendeze?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 27, nina digrii ya uhasibu ya chuo kimoja binafsi huko mkoani, chuo chenyewe kidogo hata nikikitaja watu wanauliza kiko wapi. Nafanya kazi Dar kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, huu mwaka wa tatu. Wenzangu wawili ofisini wamesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, basi kukitokea ubishi kidogo tu wa kazi utasikia "kwani we ulisoma wapi vile?" Sasa imetangazwa nafasi ya mhasibu mwandamizi hapohapo kwetu, na wameniambia nisijisumbue kuomba. Nafikiria nikasome masta Mlimani ya jioni ili angalau jina la chuo kwenye sivii libadilike, ila bodi ya mikopo bado inanikata asilimia 15 ya mshahara na nina mdogo wangu namsomesha. Anti niambie ukweli, chuo ulichosoma kina uzito kazini? – Msomaji wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukweli ni kwamba kina uzito, ila uzito wake mkubwa ni pale unapotafuta kazi ya kwanza, na we kazi unayo.

Hilo jina la Mlimani halikutoka hewani. Mpaka 1984, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kilipojitenga kule Morogoro, hicho ndo kilikuwa chuo kikuu pekee nchini, kwahiyo mabosi wengi waliobakiza miaka michache wastaafu wamekulia kwenye nchi yenye vyuo vikuu vya kuhesabu kwa vidole, na vyuo binafsi kama chako vimeanza kuota miaka ya tisini. Mtu wa namna hiyo akishika sivii yenye jina asilolijua anasita, si kwamba ana roho mbaya, hakijui tu. Na kuna kitu kingine ambacho watu hawakisemi, waliosoma vyuo vikubwa wana wenzao kila ofisi, nafasi ikitokea inapita kwenye grupu la WhatsApp la darasa lao kabla haijafika gazetini. Hiyo faida ni ya kweli na inaniuma kwa ajili yenu mliosoma vyuo vidogo, maana haina uhusiano wowote na nani anajua kazi.

Lakini sasa fani yako ni uhasibu! Wahasibu wakubwa wa kizazi cha mabosi wako wengi wao hata digrii hawakuwa nayo, walikuwa na stashahada ya juu ya IFM (chuo cha usimamizi wa fedha) au Mzumbe (enzi hizo Mzumbe haijawa chuo kikuu, imekuwa 2001) halafu wakakaa mtihani wa NBAA, ile bodi ya wahasibu, wakapata CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, na CPA ndo ikawapeleka mpaka kwenye kiti cha mkurugenzi wa fedha. Ule mtihani unaandika namba yako ya mtahiniwa, anayesahihisha hajui umetoka Mlimani au umetoka wapi. Sasa kwenye barua yako yote CPA hujaitaja hata mara moja, na hao wenzako wawili nao hujasema kama wanayo. Kama huna, mwanangu, hiyo hela ya masta ipeleke huko, tena unalipia hatua kwa hatua huku unafanya kazi. Masta ya kuficha jina la chuo cha kwanza siikubali kabisa, kwanza sivii inaonyesha vyote viwili, pili utaongeza mzigo juu ya makato ya bodi na ada ya mdogo wako. Siku ukitaka masta kwa sababu ya somo lenyewe, niandikie tena tuongee vingine.

Kitu cha kuhakikisha ni kimoja tu, kwamba chuo chako na kozi yako vinatambuliwa na TCU, ile tume ya vyuo vikuu. Hapo sina mzaha. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walikumbwa na uhakiki wa vyeti feki, ilikuwa vyeti vya sekondari lakini ilionyesha wazi kwamba kinachomtoa mtu kazini ni uhalali wa cheti, udogo wa chuo haujamfukuzisha mtu.

Kuhusu nafasi, omba. Kwenye barua usianze kujitetea kuhusu chuo, andika kazi. Miaka hii yote ritani ya VAT ya kila mwezi nani anaipeleka TRA kabla ya tarehe 20? Nani anakaa na taarifa ya benki na daftari la fedha mpaka tofauti ionekane imetokea wapi, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ipi haikuingizwa, mteja gani kalipa mara mbili? Kama ni wewe, yaandike hayo kwa mwezi na kwa kiasi, bosi anakumbuka vizuri sana mwezi ambao hakupigwa faini. Na kama si wewe, kama hao wenzako ndo wanafanya, basi anza kuomba ufundishwe wiki hii, hata kama itakuuma kuwaomba wao.

Ukiitwa kwenye usaili wakakuuliza umesoma wapi, taja jina la chuo chako lote kwa sauti ya kawaida, ujibu swali linalofuata.