Ditekta ya moshi kwenye dakti ya AC: usimlipe fundi mpaka uone feni imezimika

Mkuu, kwa nilivyokuelewa unasimamia jengo la ofisi la ghorofa sita hapa Dar, kila ghorofa ina AHU yake (mashine kubwa inayopoza na kusambaza hewa) juu ya dari la jipsamu au kwenye chumba chake, na mkaguzi wa zimamoto ameandika kwenye ripoti muweke vitambua moshi, yaani ditekta, kwenye dakti, ile mifereji ya bati inayopitisha hewa ya AC. Fundi wako anasema ni kazi ya nusu siku: achukue ditekta za kawaida za dari, azifunge kwa skrubu ndani ya dakti, aunge waya, basi. Unauliza nani kati yao yuko sahihi.

Mkaguzi yuko sahihi. Fundi hapana, na nitaeleza kwa nini kwa urefu kidogo, maana nimeona wadau watatu hapo juu nao wanaunga mkono wazo la fundi.

Mimi ni mtu wa AC za majengo makubwa. Miaka ya karibuni naitwa zaidi pale ambapo AC na faya alamu zinakutana, kwa sababu hapo fundi wa AC anasema "hiyo ya watu wa faya", wa faya anasema "hiyo ya watu wa AC", na mwenye jengo anabaki katikati na ripoti yake mkononi.

Kwanza elewa kifaa hiki kinafanya nini, maana ukikosea hapa kila kitu kinachofuata kitakosewa. Ditekta ya dakti haiko pale kulinda ofisi za watu. Kazi yake ni kuzima feni. AHU inavuta hewa kutoka vyumba vyote vya ghorofa, inaichuja, inaipoza, inaipeleka tena vyumba vyote. Sasa printa ikiungua kwenye chumba cha mwisho kule, mashine yenyewe ndiyo inauchukua ule moshi na kuugawa kwa kila mtu, bila upendeleo. Novemba 21, 1980, hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, moto ulianzia kwenye mgahawa ghorofa ya chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu ambako moto wenyewe haukufika kabisa. Waliuawa na moshi uliopanda kwa ngazi, mashimo ya lifti na mifumo ya hewa.

Kwa hiyo pia usikubali mtu akuambie ukiweka za dakti unaweza kupunguza zile za dari. Moshi wa chumba kimoja ukifika kwenye dakti ya kurudisha hewa (ile inayoitoa vyumbani kuirudisha kwenye AHU) umeshachanganyika na hewa safi ya vyumba vingine kumi, umekuwa mwepesi. Na usiku AHU ikiwa imezimwa hakuna hewa inayotembea, ditekta ya dakti haioni kitu hata ofisi ikiwa inawaka. Za dari zinabaki pale pale.

Sasa kwa nini ile ya dari isiwekwe ndani ya dakti? Imetengenezwa kwa moshi unaopanda taratibu na kujikusanya juu. Ndani ya dakti hewa inakimbia mita kadhaa kwa sekunde. Moshi unapita pembeni na vumbi linajazana kwenye chemba yake. Halafu iko ndani ya bati, nani ataifikia kuisafisha? Zipo chache za umbo hilo zilizoidhinishwa kukaa ndani ya dakti, lakini zimeandikwa hivyo kwenye karatasi zake. Mwambie fundi akuonyeshe hiyo karatasi. Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Ditekta yenyewe ya dakti ni boksi linalofungwa nje ya bati, na mabomba mawili yanaingia ndani. Bomba refu lina matundu mstari mzima na linakatisha upana wa dakti. Matundu yanatazama upande hewa inakotoka. Bomba fupi, mara nyingi mdomo wake umekatwa mshazari, linatazama upande hewa inakoenda. Ile tofauti ya presha kati ya mabomba mawili ndiyo inayosukuma hewa kidogo kupita ndani ya boksi, kwenye jicho la ditekta, kisha kurudi kwenye dakti. Hakuna pampu, hakuna kafeni kadogo ndani. Ni upepo wa dakti tu. Hewa isipopita vizuri pale ulipotoboa, umefunga pambo.

Niliwahi kufungua moja kwenye jengo ambalo paneli ya faya alamu ilikuwa inaonyesha kila kitu kiko sawa, taa ya kijani inawaka. Hati ya majaribio ilikuwepo, imesainiwa na kupigwa muhuri. Nikachomeka manomita (kipima presha) kwenye yale mabomba mawili huku AHU inaunguruma: karibu sifuri. Tukachomoa boksi. Bomba refu lilikuwa limezungushwa, matundu yanatazama hewa inakoenda. Kizibo cha mwisho hakikuwepo, maana yake hata lingegeuzwa sawa, hewa ingeingia kwa mdomo wa mwisho badala ya kukusanywa upana wote wa dakti. Na tundu la bati lilikuwa limekatwa kwa mkasi, kingo zimechanika kama kopo lililofunguliwa kwa kisu, gasketi haishiki. Jaribio lao walilifanya kwa kufungua kifuniko na kupulizia kopo la moshi moja kwa moja kwenye jicho. Kwa namna hiyo hata ditekta iliyoko mezani ingelia.

Kuhusu mahali pa kutoboa. Watengenezaji wengi wanataka sehemu iliyonyooka, umbali wa upana wa dakti mara sita hadi kumi baada ya kona, feni au tawi, ili hewa iwe imetulia. Dakti ya upana wa sentimita 60 inataka angalau mita 3.6. Sasa ingia kwenye chumba cha AHU cha majengo yetu: mlango, mashine, kona, na dakti imeshapotelea ukutani. Hiyo mita 3.6 utaipata wapi? Usikate tamaa wala usitoboe popote. Tafuta sehemu iliyo bora kuliko nyingine, toboa tundu dogo la majaribio, pima kasi ya hewa na tofauti ya presha, linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Nyingi zinafanya kazi kwenye hewa ya takriban mita 0.5 hadi 20 kwa sekunde, na presha kuanzia paskali chache tu, ila kila aina ina namba zake, soma yako. Kama AHU zenu zina invata inayopunguza kasi ya feni, pima feni ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa. Hapo ndipo wengi wanaanguka, wanapima saa sita mchana feni inakimbia kwa nguvu zote.

Upande gani, wa kupeleka hewa au wa kurudisha? Inategemea mchoro wenu uliidhinishwa kwa viwango gani. Kiwango cha Kimarekani, NFPA 90A, kinataka upande wa kupeleka, baada ya filta na kabla ya tawi la kwanza, kwa mashine inayozidi futi za ujazo 2,000 kwa dakika (karibu lita 944 kwa sekunde). Upande wa kurudisha kinaugusa kwa mifumo mikubwa zaidi inayohudumia ghorofa zaidi ya moja. Viwango vingine vinaanza na wa kurudisha. Muulize injinia wenu na huyo mkaguzi kabla ya kununua chochote, na jibu mlipate kwa maandishi. Ukiwa wa kurudisha, iwe kabla hewa ya ofisi haijachanganyika na hewa ya nje.

Maoni yangu binafsi, kama mchoro unaruhusu kuchagua: kwa pwani hii mimi napenda upande wa kurudisha. Hoteli moja ya ufukweni ilikuwa inasumbuliwa na alamu karibu kila alfajiri, wageni wanatoka nje na taulo. Ditekta ilikuwa imefungwa hatua moja tu baada ya koili, ile sehemu ya AHU inayopoza hewa. Usiku mashine inapumzika, hewa ya bahari yenye unyevu inajaa kwenye dakti, asubuhi mashine ikiwashwa matone na ukungu vinapelekwa moja kwa moja kwenye bomba. Jicho la ditekta halitofautishi ukungu na moshi. Wao walikuwa wameshabadilisha ditekta mara kadhaa wakidhani ni mbovu. Tuliihamishia mbali na koili, sehemu kavu, na malalamiko yakaisha.

Jambo jingine la kwetu hapa: jenereta. Umeme ukikatika, jenereta inawaka, moshi wa dizeli wa sekunde zile za kwanza unaingia kwenye tundu la hewa ya nje ambalo mjenzi aliliweka juu yake kabisa. Ditekta inazima AHU, na ina haki, kwa sababu ule ni moshi. Suluhisho ni kuinua ekzosi au kuhamisha tundu. Siyo kama sehemu niliyokuta wameziba matundu ya bomba kwa selotepu. Na mkiwa bado mnapiga rangi au kukata tailizi, ditekta zifunikwe na AHU zisiwashwe. Vumbi la jipsamu likishaingia mle kulitoa ni kazi.

Upande wa kurudisha una mtego wake: dakti inanyonya. Kama boksi halijakaa vizuri kwenye bati, au pale bomba linapopita pana mwanya, ditekta inavuta hewa ya juu ya dari badala ya hewa ya dakti. Kwa hiyo tundu likatwe kwa msumeno wa kutobolea matundu ya duara, gasketi ilale sawa, mianya izibwe kwa silikoni. Kama dakti ina sufi ya kuzuia joto nje, ikatwe pale boksi lilale kwenye bati lenyewe. Bomba refu lifike karibu na ukuta wa pili, na dakti ikizidi upana wa sentimita 90 hivi, ncha yake ishikiliwe upande wa pili, la sivyo litakuwa linatetemeka mpaka lilegee.

Sasa waya, na hapa ndipo ningekaa juu ya kichwa cha fundi kama ningekuwa wewe. Rilei ya ditekta (swichi yake ya ndani) ikate saketi ya kontroli ya feni, siyo mkondo wa mota wenyewe; visahani vyake havijatengenezwa kwa mzigo huo. Kisha angalia swichi ya AHU, ile yenye nafasi tatu: mkono, zima, otomatiki. Mara nyingi sana utakuta ditekta imeungwa kwenye njia ya otomatiki peke yake. Siku fundi wa AC akiiweka kwenye mkono kwa sababu kontrola ilisumbua, na akaisahau huko, ditekta italia na feni itaendelea kuzunguka. Ditekta ikate njia zote mbili. Kwenye invata, iingie kwenye terminali ya usalama inayosimamisha mota, isiishie kwenye programu ya kompyuta ya jengo. Na feni isijiwashe yenyewe moshi ukipungua. Mtu aje, aangalie, ndipo aiwashe.

Tahadhari: kama jengo lina feni za kusukuma hewa kwenye ngazi za dharura, hizo zisiingizwe kwenye kundi la kuzimwa pamoja na AHU. Moto ukitokea zinatakiwa zifanye kazi, watu wapite.

Siku ya kukabidhiwa, usikubali jaribio la sumaku tu, lile la kugusisha sumaku kwenye boksi mpaka ilie. Sumaku inaonyesha kuwa umeme wa ndani unafanya kazi, haisemi lolote kuhusu hewa. Taka waandike usomaji wa presha kwa kila ditekta, kisha moshi wa majaribio uingizwe ndani ya dakti mbele ya bomba, boksi likiwa limefungwa. Wewe simama pale AHU ilipo, swichi ikiwa otomatiki, halafu rudieni ikiwa mkono. Feni lazima isimame mara zote mbili, dampa za moshi (vifuniko vya kuziba dakti) kama zipo zifunge, na mtu mwingine aliyeko kwenye paneli akusomee ni ghorofa ipi imeonekana. Nimeona ya ghorofa ya nne inasomeka ya pili.

Juu ya dari la jipsamu pawe na mlango wa kufikia, na chini yake taa ndogo inayoonyesha ditekta ipi imelia, maana hamtabomoa dari kila alamu ikipiga. Majaribio angalau mara moja kwa mwaka. Mabomba na jicho visafishwe mapema zaidi kama mko karibu na barabara ya vumbi.

Mdau aliyeuliza kama AC za split na kaseti (ile ya kufungwa darini) nazo zinahitaji ditekta ya dakti: hizo kila moja inazungusha hewa ya chumba chake, hakuna dakti inayounganisha vyumba, kwa hiyo ditekta za dari zinakutosha. Ila panda juu uangalie kama kuna feni ya pamoja inayolisha kaseti zote hewa ya nje. Kama ipo, hiyo ina dakti, na maelezo haya yanaihusu.