Wasomaji Wauliza: Chuo Kikuu cha Utah Kilitwaaje Ubingwa Vita Vikiwa Vimepamba Moto?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo na hupenda kuwasomea wanafunzi wangu historia ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Nimesoma kwamba mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Utah kilikuwa bingwa wa taifa ilhali hakikuwa na ukumbi wake, hakikuwa na ligi, na tena kilikuwa kimeshatolewa katika mashindano mengine siku chache tu kabla. Iliwezekanaje?

Jibu: Mwalimu, uliyoyasoma ni kweli tupu, na kuyaelewa kunahitaji kuanzia kwenye sheria ya jeshi. Mnamo Novemba 1942, Bunge la Marekani lilishusha umri wa kuandikishwa jeshini kutoka miaka 20 hadi miaka 18, na kwa hatua hiyo karibu kila mchezaji wa chuo akawa anasubiri barua. Chuo Kikuu cha Illinois ndicho kilichoonja uchungu wake mapema. Katika msimu wa 1942–43 kilishinda mechi zote 12 za ligi yake, lakini kabla ya mashindano ya taifa kuanza, watatu kati ya wachezaji wake watano wa kwanza waliitwa jeshini, na timu hiyo, ambayo wengi waliiona kuwa bora kuliko zote nchini, ikaamua kutokwenda kabisa. Hata mabingwa wa 1943, Chuo Kikuu cha Wyoming, hawakuweza kuunda timu ya kutetea taji lao msimu uliofuata.

Vyuo vilivyoendelea kucheza viliruhusiwa kuwatumia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jambo ambalo kwa kawaida lilikatazwa, na vingine viliokolewa na Jeshi la Majini. Kuanzia Julai 1943, jeshi hilo liliwasomesha maofisa wake watarajiwa katika vyuo 131 kwa mpango ulioitwa V-12, na likawaruhusu kuchezea timu za vyuo walikopelekwa. Jeshi la Nchi Kavu, ambalo nalo lilikuwa na wanafunzi wake vyuoni, liliwakatalia. Kwa hiyo nguvu ya timu ilitegemea sana ni jeshi gani lililopiga kambi chuoni, na mchezaji aliweza kuanza msimu katika chuo kimoja na kuumalizia katika kingine kwa amri ya wakubwa wake. Dick McGuire alianza msimu huo na St. John's ya New York, akahamishiwa Dartmouth, na akajikuta akiichezea Dartmouth katika fainali ya taifa.

Utah haikuwa na neema hiyo. Ukumbi wake ulichukuliwa na jeshi, ligi yake ilisimamishwa, na petroli na matairi vilitolewa kwa mgawo, hivyo kocha Vadal Peterson alilazimika kutafuta mechi popote zilipopatikana, nyingi zikiwa dhidi ya timu za kambi za kijeshi na za viwandani. Vijana wake, wengi wa mwaka wa kwanza na wenyeji wa jimbo hilohilo, walikuwa na umri wa wastani usiofika hata miaka 19. Nadhani hapa ndipo wengi wanaosimulia habari hizi wanapopita haraka mno: mvulana aliyetoka sekondari juzi alicheza majira yote ya baridi dhidi ya wanaume waliokomaa, na shule hiyo ya ukumbini ilimfaa kuliko ligi yoyote.

Mwezi Machi timu hiyo ilialikwa katika mashindano mawili ya vyuo, ya NIT, na ya NCAA, ambayo ndiyo yaliyotoa taji la taifa. Wakati huo NIT, yaliyochezwa yote New York, ndiyo yaliyokuwa na heshima na mapato makubwa zaidi, na Peterson akayachagua. Utah ikafungwa na Kentucky pointi 46 kwa 38 katika mechi ya kwanza. Wakati huohuo timu ya Arkansas, iliyokuwa na nafasi katika NCAA, ilipatwa na msiba. Gari lililowabeba lilipasukiwa gurudumu usiku, na walipokuwa wakilibadilisha gari jingine likawagonga kwa nyuma. Mwalimu aliyefuatana nao akafariki dunia na wachezaji wawili wakaumia vibaya. Arkansas ikajitoa, Utah ikaombwa kuziba pengo, na vijana wakapanda treni kuelekea Kansas City, ambako waliwashinda Missouri na Iowa State kisha wakarudi New York kwa ajili ya fainali.

Fainali ilichezwa tarehe 28 Machi 1944 dhidi ya Dartmouth iliyoimarishwa na wanamaji. McGuire alisawazisha dakika za mwisho na kuifanya 36 kwa 36, na kwa mara ya kwanza fainali ya NCAA ikaingia muda wa ziada. Zikiwa zimesalia sekunde chache, pointi zikiwa 40 kwa 40, Herb Wilkinson alirusha mpira kutoka mbali. Ukagonga ukingo wa kikapu, kisha ukatumbukia. Arnie Ferrin, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alimaliza mechi akiwa na pointi 22 na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Swali: Katika timu hiyo alikuwamo Wat Misaka, kijana wa wazazi wa Kijapani. Marekani ilikuwa ikipigana na Japani. Mbona yeye hakufungiwa kambini kama wenzake?

Jibu: Amri ambayo Rais Roosevelt aliitia saini Februari 1942 ilisababisha watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani kuhamishwa kwa nguvu, lakini walioguswa walikuwa hasa wakazi wa pwani ya magharibi. Misaka alizaliwa Ogden, ndani ya jimbo la Utah, nje ya eneo hilo, na familia yake ikaachwa nyumbani. Jimbo hilohilo lilikuwa na kambi ya Topaz, iliyozungushiwa seng'enge, na ndani yake waliishi watu zaidi ya 8,000, wengi wao raia wa kuzaliwa kama yeye. Kilichomtenga yeye na wao ni mpaka uliochorwa kwenye ramani tu, na ni dhuluma ambayo haistahili kupambwa kwa furaha ya kikombe. Kuna viwanja alikozomewa, ingawa mashabiki wa New York walimshangilia kwa nguvu. Timu iliporudi nyumbani na kupokewa kwa shangwe, mama yake alikuwa akimngoja na barua ya kuitwa jeshini. Alitumikia Jeshi la Marekani, na vita vilipokwisha alipelekwa Japani, hadi Hiroshima.

Swali: Rafiki yangu anasema taji la 1944 ni jepesi kwa sababu wachezaji wazuri walikuwa vitani. Je, ana hoja?

Jibu: Ana nusu ya hoja. Ni kweli wengi hawakuwapo, na hilo lilizipunguza nguvu timu zote, Utah ikiwamo. Lakini siku mbili baada ya fainali, katika mechi ya kuchangia Msalaba Mwekundu, Utah iliwafunga St. John's, mabingwa wa NIT, pointi 43 kwa 36. Kama hilo halimtoshi rafiki yako, mwambie atazame mwaka 1947, wakati askari walikuwa wamerudi vyuoni na hakuna aliyeweza kusingizia vita. Utah, ikiwa na Ferrin na Misaka, ilikutana na Kentucky ileile katika fainali ya NIT. Misaka, mwenye kimo cha sentimita 170 hivi, alimkaba nyota wao Ralph Beard hadi akaambulia pointi moja tu, na Utah ikashinda 49 kwa 45.