Nikiweza kuhakiki kura yangu, aliyeninunua hawezi?

SWALI: Mtaalamu, kama mfumo wa kielektroniki unanipa njia ya kuhakikisha kura yangu imehesabiwa, mtu aliyenihonga si naye atanidai nimwonyeshe nilimpigia nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Angekudai, kama risiti ingekuwa na jina la mgombea. Mifumo makini haikupi jina, inakupa msimbo, yaani mfuatano wa herufi na namba usiotaja mgombea.

Chukua Helios, mfumo wa kura za mtandaoni wa mtaalamu wa kompyuta Ben Adida, ambao Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kiliutumia kumchagua mkuu wake mwaka 2009. Kura hufungwa kwa hesabu za siri kabla haijatoka kwenye kompyuta yako, kisha hubandikwa hadharani hivyohivyo ilivyofungwa. Ukiuona msimbo wako, umejua imefika. Kura zinajumlishwa bila kufunguliwa. Kinachofunguliwa ni jumla tu, na mwenye ujuzi yeyote anaweza kuikagua.

Je, mashine ikikufungia kura ya mgombea mwingine? Hapa Josh Benaloh, mtaalamu wa hesabu hizo za siri, alibuni mtego ninaoupenda sana. Mashine ikishakupa msimbo, kabla hujatuma, unaweza kuiamuru ifungue kura uone ndani. Kura hiyo inaharibika, unapiga nyingine. Kwa kuwa mashine haijui nani atakagua, ikichakachua kura nyingi itanaswa.

Estonia, wanaopiga kura kwa intaneti tangu 2005, wamepita njia nyingine. Tangu 2013 mpigakura anaweza kuelekeza simu kwenye skrini na kumwona mgombea aliyemchagua, kwa muda mfupi. Mnunuzi naye akichungulia? Aone tu! Unaruhusiwa kupiga tena, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, na ukienda kituoni kupiga ya karatasi, ile ya mtandaoni inafutwa.

Kwa hiyo kihesabu, siri na uhakiki vinakaa pamoja. Wasiwasi wangu uko kwa mhakiki mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti walikuta kwenye programu ya kura za mtandaoni ya Posta ya Uswisi kasoro ambayo ingemwezesha mwendeshaji kubadili kura na bado uthibitisho ukasoma sawa. Iligunduliwa kwa sababu programu iliwekwa wazi, lakini ni wangapi wangeweza kuiona? Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliziangusha mashine za kura za huko mwaka 2009 kwa hoja hiyo: raia wa kawaida aweze kukagua hatua muhimu bila utaalamu maalumu.

Uchaguzi wa chama cha wanataaluma, pigeni mtandaoni. Wa rais, mimi nataka kituturi na karatasi, maana hakuna hesabu inayoweza kumtoa chumbani bosi aliyesimama nyuma yako hadi muda wa kupiga kura uishe.