Jirani ananisema kwa kanga?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, kila nikitoka kufagia uwanja namkuta amejifunga kanga iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”. Zamani tulikuwa tukichotana chumvi. Tangu mwanawe alazwe mwezi wa Ramadhani, nami sikuwahi kwenda kumwona, salamu zimekuwa za mdomo tu. Je, ananisema mimi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwaka niliolewa nilinunua doti moja kwa kupenda pindo lake jekundu, jina sikulisoma. Nikaivaa kwenye arobaini ya mtoto wa wifi yangu. Miezi mitatu hakunisemesha, na mimi sikujua kosa langu mpaka mama mkwe aliponionyesha maneno. Kwa hiyo najua kanga inaweza kusema jambo ambalo mwenyewe hakulikusudia. Inawezekana pia jirani yako amekukusudia. Watu wa pwani tumelelewa hivyo, kumpelekea mtu neno nguoni kuliko kumtamkia usoni.

Lakini swali lako umeshalijibu mwenyewe. Umeniandikia habari ya kanga, katikati ukaingiza mtoto aliyelazwa. Hilo ndilo linalokuuma, na huenda ndilo linalomuuma naye. Hata ile kanga ingekuwa haina neno, ungelisoma.

Nenda alasiri, akishamaliza kazi za jikoni. Usitaje kanga kabisa. Mwambie, “Dada, mtoto aliumwa nami sikuja, nisamehe.” Kisha muulize mtoto anaendeleaje, ukae umsikilize mpaka amalize.