Kabla hujamchukua mtoto wa ndugu yako anayetumia unga

Watoto wengi wanaolelewa na bibi au shangazi huku Mwanza, mitaa ya Igogo, Mabatini na Kirumba, wana wazazi walio hai. Mmoja yuko Butimba gerezani, mwingine anashinda kijiweni akisaka kete, yaani vipakiti vya unga (heroini). Ukoo unakaa kikao, watoto wanagawanywa, basi. Mimi niliwachukua wawili wa kaka yangu, na kila anayeniuliza namwambia hivi: mchukue mtoto, ila mchukue kwa karatasi.

Kikao cha ukoo hakina meno. Siku kaka amebanwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, akaja mlangoni kudai wanawe, mjumbe atasuluhisha, majirani watapiga kelele, lakini baba ni yeye. Kutumia dawa za kulevya peke yake hakumfuti mtu uzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, na wa kuamua vinginevyo ni mahakama, ikiona akibaki nao ataumia au maslahi yake yatapotea. Sheria hiyohiyo inamtambua mtoto aliye chini ya mzazi asiyefaa kwa sababu ya uhalifu au ulevi kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Kwa hiyo jiandae kueleza habari za watoto kuliko za teja: wanakula kwa nani, wanalala wapi, nani anawaamsha kwenda shule.

Anzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha uende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Wa Nyamagana wana wao, wa Ilemela wana wao, na ndugu zangu wa Sengerema na Ukerewe hamna haja ya kuvuka maji. Ndugu ambaye tayari anamlea mtoto anaruhusiwa kuiomba mahakama impe malezi. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, na barua ya mwalimu mkuu kama mtoto alikuwa akikosa masomo. Afisa atakuja kwako, ataongea na majirani, ataandika taarifa yake. (Hapimi uzuri wa sofa, msihangaike kuazima mapazia.)

Na usiongeze chumvi. Kuna ndugu aliyenishauri niseme kaka anawapiga watoto. Hakuwahi kuwapiga. Aliwasahau tu, siku nzima, bila chakula, na hilo lilitosha kabisa. Ukikamatwa na uongo mmoja, hata ukweli wako utatiliwa shaka.

Si kila shauri linaishia kwa mtoto kuondolewa. Mahakama inaweza kumwacha nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Hali ikiwa mbaya zaidi ndipo inapotoa amri ya kumtoa.

Sasa wewe mzazi unayetumia, kaka au dada, nawe nina neno. Mtoto kulelewa kwangu hakukufungii mlango. Unaweza kuiomba mahakama uwe unamwona kwa vipindi, na malezi yaliyotolewa kwa mtu mmoja mahakama inaweza kuyabadili baadaye. Ila usiende mikono mitupu. Hapa mjini methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache unga, inatolewa hospitali ya Sekou Toure bila malipo. Unainywa kila siku mbele ya muuguzi, na mahudhurio yanaandikwa. Rekodi hiyo itakutetea kuliko machozi ya mama yetu mbele ya hakimu.

Kwangu kaka anakuja mchana, baada ya kupiga simu. Akija amelewa unga, anarudi alikotoka. Kuna jingine ambalo wengi hawalijui: ukiruhusu nyumba yako itumike kwa dawa za kulevya, nawe una kesi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haitazami kama ni ndugu yako. Kwa hiyo hakuna cha "nihifadhie hiki kifuko hadi jioni".

Mtoto akiwa hatarini leo usiku, usisubiri barua ya mtendaji. Piga 116, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Anayewauzia kete mtaani kwenu mripoti kwa 119, ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na usimlipe mtu anayekaa nje ya mahakama akidai atakuandikia maombi "yapite haraka". Tangu sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaowaelekeza bure wasio na uwezo. Muulize afisa ustawi akuelekeze kwa aliye karibu nawe.