Hata kama aliiba korosho, hakustahili kupigwa nyayo

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kaka yangu alikamatwa kwa tuhuma za kuiba magunia ya korosho ghalani. Kituoni alitia dole gumba kwenye maelezo, sasa ni mahabusu. Nilipokwenda kumwona anakanyagia ukingo wa miguu, nyayo zimevimba. Anasema alipigwa rungu mpaka akakubali. Baba anasema mwizi haonewi huruma, na nikisema nitamponza. Nifanye nini? – Dada mtu, Mtwara.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na baba, maana naona ndiye aliyekufunga mdomo. Korosho ni jasho la watu la mwaka mzima, aliyeibiwa ana haki ya kukasirika. Lakini Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Mtu yeyote, hata mwizi. Kama kaka yako aliiba, hakimu ndiye wa kusema, na adhabu itatajwa mbele ya watu. Rungu la nyayoni halimo katika sheria yoyote.

Hofu ya kumponza naielewa, si ya bure. Ila kimya kinawafaa waliompiga: uvimbe utapona, dole gumba litabaki kwenye karatasi.

Kesi ikitajwa tu, amwambie hakimu kwa mdomo wake alipigwa lini na kwa kitu gani, avue viatu aonyeshe, aombe apelekwe hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe. Wewe andika ulichokiona na tarehe yake. Siku maelezo yale yatakapotolewa kama ushahidi, ayapinge palepale, kabla hayajapokelewa. Sheria ya Ushahidi inautaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba aliungama kwa hiari. Hapo ndipo wengi wanapoumia: wananyamaza, maelezo yanapokelewa, wanakuja kulia kwenye rufaa.

Peleka pia malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Wana ofisi Lindi, na hawatozi hela.

Anayekwambia polisi hawashtakiwi, mkumbushe kwamba mwaka 2022 maafisa saba walipandishwa kizimbani hapahapa Mtwara, wakishtakiwa kumuua kijana mfanyabiashara wa madini.

Na baba mwombe mwende wote mahakamani. Kaka yako akisimama kusema mambo mazito namna ile, amwone mzazi wake amekaa pale. Niandikie tarehe ikipangwa.