Mkuu, kabla hujalipia hiyo boti ya Devenish

Simama hapo hapo. Nimesoma ratiba yako ya safari ya Ayalandi uliyoiweka hapa mara mbili nikidhani nimekosea. Siku nne na gari la kukodi, Dublin hadi Clonmacnoise, halafu "tunapandisha Lough Erne kuona mnara wa Devenish, tunarudi kwa njia ya Sligo". Na chini yake umeandika kwa furaha kabisa kwamba viza ya Ayalandi imetoka, ya kuingia mara moja. Watu sita wamekujibu habari ya makoti ya mvua. Hakuna hata mmoja aliyekwambia kwamba Devenish, hicho kisiwa cha magofu, iko Uingereza.

Iko Uingereza, mkuu. Kisiwa kiko ndani ya ziwa, ndilo hilo Lough Erne, ziwa liko Fermanagh, na Fermanagh ni mojawapo ya zile kaunti sita zilizobaki chini ya Mwingereza Ayalandi ilipogawanywa mwaka 1921. Kwa pasi ya Tanzania unahitaji viza ya Uingereza kukanyaga pale, na hiyo ya Dublin haihesabiki. Hilo moja. La pili ndilo lililonivunja mimi: ukishatoka Jamhuri ya Ayalandi, ile yenye Dublin, hata kwa saa tatu za kupiga picha, ile "mara moja" yako imekwisha. Uliitumia uwanja wa ndege siku ya kwanza. Kurudi Dublin huna kibali.

Najua kwa sababu bwege wa kwanza ni mimi.

Septemba 2018. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia jirani na magofu ya Tongoni, tulikuwa tunacheza kombolela kwenye yale makaburi yenye nguzo mpaka wazee watufukuze. Nikiona ukuta wa kale miguu inakwenda yenyewe. Nilifikia Ayalandi kwa jamaa mmoja wa nyumbani, miaka tisa yuko kule, anajua kila kitu. Mnawajua watu wa aina hii. Nilitaka kwenda kuiona Devenish, nikamuuliza wazi wazi, je, huko Fermanagh siyo nchi nyingine? Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mpaka gani? Hakuna geti, hakuna askari, watu wanavuka kwenda kununua mafuta ya gari." Halafu akaniongezea la kisomi: kuna makubaliano ya eneo la pamoja la kusafiri, ukishaingia upande mmoja umeingia pande zote.

Makubaliano yapo kweli. Ni ya raia wa Ayalandi na raia wa Uingereza. Na yeye alikuwa ameshaapa uraia, ana pasi yake ya Ayalandi kwenye droo. Kwake mpaka haukuwepo. Kwangu ulikuwepo, na tulikuwa tumekaa kochi moja tukila sahani moja. Hakunidanganya makusudi, nakubali, lakini mtu asiyejua si aseme sijui? Neno lina silabi tatu tu!

Tena mwaka ule kila gazeti la kule lilikuwa na habari moja, Uingereza inatoka Umoja wa Ulaya na mpaka wa Ayalandi lazima ubaki hauonekani. Hauonekani, hauonekani, kila ukurasa. Mimi nikasoma "haupo". Mpaka niliouzoea ni Horohoro: geti, foleni ya malori, vijana wanaokukimbilia na mabunda ya shilingi za Kenya. Hata njia za panya za kwetu hukosi mzee mmoja chini ya mwembe wa kukuuliza unakwenda wapi. Kule hakuna hata mwembe.

Nikapanda basi la kwenda Donegal, nayo ni ya Jamhuri, ambalo (hili halimo kwenye mawazo ya mgeni yeyote) linakata katikati ya Fermanagh na kusimama mji wa Enniskillen. Ningekuwa na macho ningeona. Mistari ya pembeni mwa barabara ilikuwa ya njano, ikawa myeupe. Vibao vya mwendo vilikuwa vya kilomita, vikawa vya maili. Nje ya duka moja sanduku la posta lilikuwa jekundu, na Dublin yote ni ya kijani. Simu ikaniletea ujumbe wa kunikaribisha Uingereza, nikaufuta nikidhani ni matangazo.

Devenish yenyewe sitaisema vibaya. Maji ya kijivu, majani mabichi mpaka ukingoni, na ule mnara wa mviringo umesimama kama mtu aliyeachwa na gari. Monasteri ilianzishwa karne ya 6 na Mtakatifu Molaise, Waviking wakaja wakaivamia, ikachomwa, ikajengwa tena. Juu kabisa ya mnara, chini ya paa la mawe, wamechonga nyuso nne, kila upande wa dunia uso wake. Nilikaza shingo kuzitazama hadi nikapata kizunguzungu. Nilikaa pale kwa raha kabisa, mhalifu wa kimataifa mwenye mfuko wa karanga.

Kurudi jioni, tumeshaingia upande wa Jamhuri, basi likapunguza mwendo na askari wawili wakapanda. Si kila siku wanapanda. Siku yangu walipanda. Wanapita kiti hadi kiti, taratibu, wengine wanaonyesha leseni ya udereva na kuendelea kulala. Mmoja akanifikia. Umetoka wapi? Sasa hapa nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka: nilimjibu kwa fahari. Nikatoa simu nikamwonyesha mnara. Na kuthibitisha kwamba mimi ni mtalii wa kweli nikachomoa mfukoni tiketi ya boti. Imelipwa kwa paundi. Wakili wa serikali asingeandaa ushahidi mzuri kuliko ule.

Akafungua pasi, akasoma viza, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba niliondoka nchini. Upole wake ndio ulionitisha. Nikashushwa. Basi likaondoka na mfuko wangu wa karanga. Kwa muda wa saa tano nilikaa kwenye chumba chenye benchi na hita iliyokuwa ikigongagonga, wakipiga simu huku na huku. Mwisho waliniachia na barua, na agizo la kuondoka kwa ndege yangu iliyokuwa baada ya siku tatu. Nikajipongeza! Nikamwambia yule jamaa nimeponea chupuchupu.

Sikuponea kitu. Mwaka uliofuata mdogo wangu aliolewa Leeds, Uingereza. Baba alishafariki, mimi ndiye wa kusimama mahali pake. Fomu ya viza ya Uingereza ina swali kama umewahi kuvunja masharti ya uhamiaji wa nchi yoyote. Nikajaza ukweli, nikaambatanisha ile barua na maelezo ya kurasa mbili. Ikakataliwa. Nikaomba tena, ikakataliwa, na sasa kukataliwa kwenyewe ni swali jingine la kujibu kila fomu. Tiketi ya ndege ilikuwa ya bei nafuu, zile zisizorudisha hela. Ndoa nikaishuhudia kwenye simu, mtu ameiegemeza kwenye chupa ya soda, na kwa dakika nyingi nilichokuwa nakiona ni kiuno cha mjomba.

Yule jamaa alialikwa. Alikwenda. Ana pasi nyekundu. Alinitumia picha ya pilau.

Kwa hiyo sikiliza. Huwezi kuuona mpaka ule, na ramani ya simu haitakuonya. Kazi yake ni kukutafutia njia fupi. Usidhani ukiiacha Devenish umemaliza. Ukitoka Clones kwenda Cavan, miji yote miwili ni ya Jamhuri, barabara yenyewe inavuka mpaka mara nne ndani ya kilomita kama kumi. Blacklion iko Jamhuri, unavuka daraja dogo tu na uko Belcoo, Uingereza. Sasa wewe unatoka Clonmacnoise kwenda Sligo: pita Longford na Carrick-on-Shannon, usikubali kuvutwa kaskazini hata simu ikikuahidi dakika ishirini.

Na hukosi kitu, ndilo linaloniuma. Mnara wa mviringo upo Glendalough, Wicklow, karibu kabisa na Dublin, wa mita kama 30, mlango wake uko juu kiasi kwamba bila ngazi huingii, na jina lenyewe maana yake bonde la maziwa mawili. Njiani kwako kuna Boyle, abasia (monasteri) ya watawa wa kiume wa Cistercian ya mwaka 1161, na ziwa la Lough Key liko hapo hapo jirani. Ukitaka ngome ndani ya maji hasa, iko Clough Oughter kule Cavan, duara la mawe lililobomoka upande mmoja, juu ya kisiwa kidogo mno. Owen Roe O'Neill, jemadari wa Waayalandi, alifia pale mwaka 1649, na wenzake wakashikilia mpaka 1653 ndipo jeshi la Cromwell wa Uingereza likawatoa. Parke's Castle iko ukingoni mwa ziwa la Lough Gill, ukielekea Sligo. Zote upande mmoja, mistari ya njano mwanzo hadi mwisho.

Kuendesha ni kushoto kama kwetu. Na wale mnaotaka kuandika hapa chini kwamba binamu yenu alivuka mara kumi hakuulizwa kitu, mwambieni aweke hapa picha ya pasi yake, tuone ni ya nchi gani.

Wewe mkuu, uliuliza na mambo ya viatu na chakula, nitarudi. Kwanza futa Devenish kwenye ratiba. Kama boti umeshalipia, waandikie leo warudishe hela. Halafu huyo dada yako anayekupokea, ambaye umesema "anaijua Ayalandi yote", muulize ana pasi gani, uje utuambie.